Ndevu za Piki: Safari ya Matamvua ya Ngozi Mpaka Steji Yetu

Zamu hii tulikuwa tumepanga kuandika mambo mengine kabisa, lakini kuna jambo lilitokea pale steji, likatubadilishia mada.

Mwenzetu mmoja ni motari. Ana Boxer aliyoipata kwa mkopo wa kikundi, ukijumlisha na akiba ya mama yake anayeuza samaki wakavu sokoni. Siku moja alikuta kwenye mitumba koti la ngozi lililopasuka mgongoni, lile la kizungu lenye nyuzi nyingi zinazoning'inia mikononi. Koti lenyewe halikuvalika tena, kwa hiyo aliuziwa bei ya bure. Akalipeleka kwa papa fundi viatu. Papa akakata mikono, akashona ukanda mfupi, na yule kijana akafunga nyuzi zile mwisho wa gidoni, kushoto na kulia. Baadaye akaongeza vifungo vya chuma vinavyong'aa pembeni ya siti, na raba ya madigadi ya nyuma iliyoandikwa jina la mama yake.

Kuanzia siku ile jina lake la ubatizo likapotea. Watu wote wanamwita Ndevu, kwa sababu piki yake ina ndevu.

Kisha akaja afisa mmoja wa mradi kukagua wanaolipa mkopo. Akasimama mbele ya piki, akacheka kidogo, akauliza: "Mkimbizi mwenye deni anapamba piki?" Akaandika kitu kwenye daftari lake. Hakuna aliyejua ameandika nini. Jioni ile ile Ndevu akachukua wembe, akazikata nyuzi zote, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuutundika kwenye msumari nyumbani kwao.

Hatutaji shirika wala mtu, maana hatuandiki ili kumchafua yeyote. Tunaandika kwa sababu lile swali lina historia ndefu kuliko aliyeliuliza alivyojua. Tulipoanza kufuatilia zile nyuzi zimetoka wapi, tulikutana na wakimbizi njiani.

Nyuzi zilianzia wapi

Kwa Kiswahili cha vitabuni nyuzi hizi zinaitwa matamvua. Wanaosoma Biblia wamelikuta neno hilo kwenye Mathayo. Watu wa pwani wanalijua kwa vile vishada vya pindo la kikoi. Lakini matamvua ya ngozi, yale ya kwenye koti la Ndevu, yalikuja kwa njia nyingine. Yametoka kwa wenyeji wa kwanza wa Amerika Kaskazini, mataifa kama Lakota, Cheyenne na Blackfoot, waliokuwa wakiishi kwenye mbuga kubwa na kuwinda nyati.

Watu hawa walishona nguo zao kwa ngozi ya swala na ya kulungu. Badala ya kukata pindo moja kwa moja na kutupa mabaki, waliacha ukingo wa ngozi na kuuchana vipande vyembamba. Wengi wanaeleza kwamba nyuzi zile zilisaidia maji ya mvua kuchuruzika badala ya kulowanisha mshono, na mtu akiwa safarini aliweza kukata uzi mmoja akafungia kitu kilichokatika. Kwa hiyo zilikuwa na kazi. Lakini pia zilikuwa na heshima. Kwa Walakota, shati la kiongozi lenye matamvua halikuvaliwa na kila mtu. Ukimwona aliyelivaa, ulijua amebeba mzigo wa watu wake.

Hapa ndipo tulipoanza kuelewa kitu. Pambo moja linaweza kuwa na kazi, urembo na heshima kwa wakati mmoja. Sisi ndio tunaovitenganisha baadaye.

Mkimbizi aliyelipwa dola 50 kwa wiki

Mwaka 1876 Walakota na wenzao Wacheyenne walilipiga jeshi la Marekani kwenye vita vya Little Bighorn. Baada ya ushindi ule, jeshi likawafuata kwa nguvu mpya. Kiongozi wao mmoja mkubwa, Sitting Bull, alikataa kuingia kwenye eneo la kufungiwa. Mwaka 1877 akavuka mpaka na watu wake, akaingia Kanada.

Tusome hapo polepole, ndugu zetu. Mtu aliyefukuzwa kwenye ardhi yake, akavuka mpaka na familia, wazee na watoto, akaomba hifadhi. Huyo ni nani? Kwa lugha ya leo ni mkimbizi.

Polisi wa Kanada waliokuwa mpakani waliishi naye vizuri, na afisa wao mmoja, James Walsh, akawa rafiki yake. Lakini serikali iliyokuwa mbali huko Ottawa haikutaka kuwapa ardhi wala chakula. Ilitaka warudi walikotoka. Nyati nao walikuwa wanaisha, wakiwindwa bila kipimo. Njaa ikaingia. Kundi likapungua, wengine wakarudi mmoja mmoja. Julai 1881 Sitting Bull mwenyewe alivuka tena mpaka na watu wasiofika 200, akajisalimisha Fort Buford. Akawekwa kizuizini karibu miaka miwili kabla ya kupelekwa kwa watu wake huko Standing Rock.

Sisi tunaojua maana ya neno "kurudi kwa hiari" wakati posho imekatwa, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa sikieni kilichofuata. Mwaka 1883 mtu mmoja aitwaye William Cody, maarufu kama Buffalo Bill, alianzisha onyesho kubwa la farasi, bunduki na vita vya kuigiza. Mwenyewe alipenda kuvaa koti la ngozi lenye matamvua marefu. Mwaka huo huo wa 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kukataza ngoma na ibada za wenyeji kwenye maeneo yao. Yaani Mlakota akicheza ngoma nyumbani kwake alikuwa na kosa, lakini akiicheza uwanjani mbele ya waliokata tiketi, alilipwa.

Mwaka 1885 Sitting Bull alijiunga na onyesho lile kwa msimu mmoja. Alilipwa dola 50 kwa wiki, na pia aliuza picha zake na sahihi yake. Sehemu nyingine watazamaji walimshangilia, sehemu nyingine walimzomea. Annie Oakley, mwanamke mpiga shabaha wa onyesho hilo, alisimulia kwamba pesa nyingi za mzee yule ziliishia mifukoni mwa watoto maskini waliomzunguka. Baada ya miezi minne hivi akarudi kwao. Tarehe 15 Desemba 1890 aliuawa kwa risasi na polisi waliokwenda kumkamata.

Onyesho halikufa. Mwaka 1887 lilikuwa limeshafika London, na baadaye likazunguka Ulaya. Ndivyo koti la matamvua lilivyogeuka. Zamani lilikuwa nguo ya watu waliofukuzwa, sasa likawa sare ya "ushujaa" wa waliowafukuza. Sinema zikaja, zikalichukua hivyo hivyo. Mtoto wa Ulaya au wa Afrika aliyeangalia filamu za makauboi alijua matamvua ni ya kauboi. Nani angemwambia vingine?

Kutoka farasi mpaka piki

Kampuni ya Harley-Davidson ilianza mwaka 1903 mjini Milwaukee. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ilitengeneza piki za jeshi aina ya WLA zipatazo 90,000. Vita ilipoisha, nyingi ziliuzwa kwa bei nafuu, na vijana waliorudi kutoka vitani wakazinunua.

Hapo wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilipenda kupunguza. Liling'oa kila kitu kisicho cha lazima, madigadi, mikoba, vioo, ili piki iwe nyepesi. Kundi la pili lilipenda kuongeza. Lilifunga mikoba ya ngozi pembeni kama ile ya tandiko la farasi, likapiga vifungo vya chuma kwenye siti, likaongeza taa, vioo na matamvua. Nyuzi zilining'inia kwenye mikoba, kwenye ukingo wa siti, mwisho wa gidoni, hata kwenye mikono ya breki na klachi. Piki ikienda kasi, nyuzi zinalala nyuma kama manyoya ya shingo ya farasi. Wenye piki zilizopunguzwa waliwacheka wenzao na kuziita piki zao mikokoteni ya takataka.

Kwa hiyo kumbe kumcheka mwenye piki iliyopambwa si jambo jipya. Limeanza zamani.

Mafundi wasiotajwa

Mwaka 1969 ilitoka filamu ya Easy Rider. Vijana wawili wanazunguka Marekani kwa piki za gidoni ndefu. Mmoja wao, Dennis Hopper, amevaa koti la ngozi lenye matamvua. Tangu hapo, duniani kote, ukisema piki na matamvua watu wanaiona picha ile.

Lakini zile piki zilitengenezwa na nani? Wazo na kazi vilikuwa vya Clifford Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wawili. Vaughs alikuwa pia mwanaharakati wa haki za watu weusi. Walichukua Harley za zamani zilizokuwa za polisi, wakazikata, wakazijenga upya. Majina yao hayakuonekana kwenye filamu. Ilipita miaka mingi kabla watu wengi hawajawafahamu.

Tukiunganisha nyuzi zote, picha inakuwa hivi: pambo limetoka kwa watu waliofukuzwa kwao, piki maarufu kuliko zote zimetoka kwa mafundi waliofichwa majina, na sifa imekwenda kwa aliyekaa juu ya siti. Hatusemi hayo ili tuchukie filamu. Wengine wetu tunaipenda. Tunasema ili yule papa fundi viatu wa kwetu asije naye akapotea kwenye simulizi. Ndevu alibuni, papa alikata na kushona. Wote wawili.

Upande wetu: mto wa siti na mti wa chukudu

Msidhani mapambo ya vyombo vya kubebea watu tumefundishwa na sinema tu. Huku kwetu kuna mstari mwingine wa historia.

Miaka ya 1960, pale Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana wenye baiskeli walianza kuvusha watu na mizigo kati ya ofisi mbili za mpaka. Walikuwa wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, likarudiwa mara mbili, likawa boda boda. Baiskeli haikuwa na siti ya abiria, ilikuwa na keria ya chuma tu. Kwa hiyo walifunga mto wa sponji juu yake. Mto ule ndio pambo la kwanza. Ulikuwa wa kumpa abiria raha, lakini mara mto ukavikwa plastiki ya rangi, ukashonewa vishada pembeni, keria ikapigwa rangi. Abiria akiwa na baiskeli kumi mbele yake, atapanda ipi? Ile inayoonyesha kwamba mwenyewe anaitunza.

Kuanzia miaka ya 1990 piki zikaanza kuchukua nafasi ya baiskeli Uganda. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa piki ndogo za chini ya sisi 250 mwaka 2008, wimbi likawa kubwa zaidi. Bajaj na TVS kutoka India, na zile za Kichina, zikajaa mpaka vijijini. Tabia ya kupamba ikahama pamoja na kazi. Raba za madigadi zenye maandishi, vitambaa vya siti, miavuli mikubwa, vioo vya ziada, vyote ni watoto wa ule mto wa sponji.

Na sisi wa kutoka Kivu tuna chukudu. Kule Goma, tangu miaka ya 1970, watu wanabeba mizigo kwa chombo hicho cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyovalishwa raba. Mwaka 2009 mjini ilisimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu. Si sanamu ya jenerali. Ni ya mtu na mzigo wake. Wengi wetu tulipita chini ya sanamu ile tukienda shule, na wengine tuliipita mara ya mwisho tukiwa na magodoro kichwani.

Basi pambo ni la nini?

Turudi kwa Ndevu. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Ndiyo maana Ndevu anaweza kuwa na piki. Lakini haki ya kufanya kazi haikuletei mteja. Steji yetu ina piki nyingi, karibu zote ni za rangi moja na aina moja. Usiku huwezi kuzitofautisha.

Tuliuliza wateja. Mama mmoja anayekwenda kliniki kila mwezi alituambia hajui kusoma namba ya piki, ila alijua piki yenye ndevu. Alimwambia mtoto wake: nenda kaniitie yule wa ndevu. Nyuzi zilipokatwa, mtoto alirudi mara mbili bila mtu, akisema hayupo. Siku hiyo Ndevu alikuwepo pale pale, amekaa juu ya piki yake.

Mwalimu mmoja akasema yeye hupanda piki iliyopambwa kwa sababu moja: mtu anayejali mkia wa piki yake hawezi kuiacha breki ife. Tulimwambia hiyo si lazima iwe kweli kila mara. Akakubali, lakini akasema ndivyo anavyochagua.

Na Ndevu mwenyewe alisema jambo ambalo tumelibeba mpaka leo. Alisema: "Hema nililopewa ni sawa na la jirani. Blanketi sawa. Sufuria sawa. Kadi ya chakula, namba tu. Hii piki ndo kitu cha kwanza hapa ambacho mtu akikiona anasema, ni ya fulani."

Gharama ya ndevu zile? Koti bovu la mtumba na soda mbili za papa fundi. Malipo ya mkopo hakuchelewesha hata mara moja. Daftari la kikundi lipo, yeyote anaweza kuangalia.

Ni kweli, hatutaki kudanganya, wapo wanaokosea. Tunamjua kijana aliyenunua taa za rangi na spika kabla ya kofia ngumu. Huyo tulimsema wenyewe. Kwanza kofia, breki na tairi, halafu urembo.

Kwa wanaotaka kufunga ndevu

Papa fundi ametupa maelekezo, nasi tunayapitisha:

Uzi usizidi urefu wa kiganja. Ukiwa mrefu, upepo unaupeleka kwenye mkono wa breki au klachi, na hapo ndipo ajali inapoanza.

Usifunge kitu chochote karibu na cheni au spoki. Chini ni kwa raba ya madigadi tu.

Taa na namba ya nyuma visifunikwe hata kidogo.

Ngozi ikilowa usiianike kwenye jua kali, itakauka na kupasuka. Ianike kivulini, kisha ipake mafuta kidogo. Ngozi ya bandia haihitaji mafuta, lakini inachanika haraka.

Mwisho, zungusha gidoni kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho kabla hujatoka. Kama kuna kitu kinavuta, fungua uanze upya.

Neno kwa wafanyakazi wa mashirika

Tunajua kazi yenu si rahisi, na pesa za mkopo ni za watu wengi. Kuuliza ni haki yenu. Tunachoomba ni kwamba ulizeni kweli. "Hii ni ya nini?" ni swali, na Ndevu angelijibu kwa furaha, angewaonyesha hata mshono. "Mkimbizi mwenye deni anapamba piki?" halina jibu. Mtu akilisikia anachukua wembe.

Tumempelekea afisa yule maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Ameyapokea. Bado hatujajua atasema nini.

Nyuzi bado ziko kwenye mfuko, kwenye msumari. Papa fundi anasema zinaweza kushonwa tena, fupi kidogo kuliko mwanzo. Ndevu anasema anangoja kwanza kusikia habari ya mkopo wa pili. Yule mama wa kliniki, yeye hangoji. Amefunga utepe mwekundu wa kanga yake kwenye gidoni ya Ndevu, upande wa kushoto, ili mtoto aweze kumwona.

Na kwenu nyinyi mliopo steji nyingine, Kyangwali, Rwamwanja, Kakuma, na popote mlipo: piki yenu inajulikana kwa nini? Nani aliishona? Tuandikieni, na mtaje jina la kazi ya fundi, awe fundi viatu au fundi cherehani, asisahaulike.